Ukuta Hausubiri: Hesabu ya Kujenga Nyanda za Juu Kusini

Kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, kuanzia Uyole hadi Iwambi jijini Mbeya, na kule Iringa ukishuka Ipogolo, mapagala hayahesabiki. Kuta za tofali za kuchoma zimefika lenta, yaani mkanda wa zege wa juu ya madirisha, madirisha ni matundu, ndani kumeota maboga. Mgeni anaweza kudhani watu walihama. Ukweli ni kwamba pagala ndilo benki ya watu wengi wa Nyanda za Juu Kusini: mwalimu wa Mafinga, mama anayeuza mitumba Mwanjelwa, mkulima wa parachichi wa Rungwe. Kila anapopata kidogo anakichomeka ukutani, mahali ambapo shemeji hawezi kuja kukikopa.

Sina ugomvi na kujenga kwa hatua. Ugomvi wangu ni na mahali watu wanapoamua kusimama. Wanaotaka kuanza kujenga huuliza kwanza nyumba ya vyumba vitatu itakula shilingi ngapi, na mafundi watatu watawapa majibu matatu yaliyoachana kwa mamilioni. Kila fundi ana ramani yake kichwani, na kila mmoja anajua kwamba akitaja bei kubwa atakosa kazi. Swali lenye faida zaidi ni hili: hela ikikata, nyumba itakuwa imefikia hatua gani, na je, hatua hiyo inaweza kusubiri?

Kuna vitu vinavyosubiri. Kiwanja chenye karatasi zake kinasubiri. Tofali za kuchoma zilizoiva sawasawa, zikapangwa na kufunikwa kwa juu, zinasubiri miaka. Bati likiwekwa pakavu linasubiri. Msingi wa mawe uliojazwa kifusi na kushindiliwa unasubiri, tena mvua ya msimu mmoja husaidia kifusi kukaa kabla ya kumwagia jamvi, yaani zege la sakafu. Saruji haisubiri. Mfuko wa kilo 50 uliokaa stoo miezi mitatu katika unyevu wa Tukuyu au Makete huanza kushika mabonge, na fundi mwenye haraka atayaponda ayachanganye humohumo. Mbao mbichi za paina kutoka Mafinga nazo hazisubiri: zikiegeshwa uani bila kupangwa kwa vipande vya kuzitenganisha, zinapinda kabla ya kufika kwenye kenchi za paa.

Kisichosubiri kuliko vyote ni ukuta. Huku kwetu wengi hujengea tofali za kuchoma kwa udongo, saruji ikabanwa kwa ajili ya msingi, lenta na plasta. Ukuta wa namna hiyo hauna tatizo ukiwa chini ya paa; nyumba nyingi za zamani zimesimama hivyo kwa miaka mingi. Lakini uache wazi kuanzia Novemba hadi Aprili, maji yanaingilia juu, yanaosha udongo kati ya tofali na tofali, na mwaka wa pili unakuta kozi, yaani mistari ya tofali, za juu zinacheza ukizigusa. Rungwe, ambako sehemu nyingi hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, sihitaji kumwambia mtu hili. Mwenye pagala hilo atabomoa kozi nne au tano, atajenga upya, na gharama hiyo hataiandika popote kwa sababu ilikuja kidogokidogo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja, na yaliyobaki katika makala hii yanatokana nao: simama kwenye msingi kwa muda wowote utakao, lakini usinyanyue ukuta mpaka hela ya paa ionekane. Ukuta na paa vihesabiwe kuwa hatua moja. Na kama utakopa, kopa kwa ajili ya hatua hiyo fupi, usikope kuanzia mwanzo.

Msimu unaubana msimamo huu zaidi ya tunavyokubali. Dirisha la kiangazi huku ni Mei hadi Oktoba. Ndiyo miezi ya kufyatua na kuchoma tofali, na lori linaweza kufika kwenye tanuri bila kuzama. Ndiyo miezi ambayo mafundi wanagombaniwa. Na ndiyo miezi ambayo mkulima ana hela, kwa kuwa mahindi yametoka, mpunga wa Mbarali na Kyela umevunwa. Mambo yanaonekana kuungana vizuri, mpaka uangalie bei. Mahindi mwezi Julai yako chini kwa sababu kila mtu anauza, na mara nyingi yanapanda kuanzia Desemba stoo zinapokuwa zimekauka. Anayeuza gunia 40 mwezi Julai ili anyanyue kuta amelipia ujenzi mara mbili: kwanza kwa hela aliyotoa, pili kwa hela aliyoikosa Januari. Kama paa halikuingia kwenye hesabu hiyo, na mvua ikamkuta na kuta wazi, amelipa mara tatu.

Kwa mkulima naona mpango wa misimu miwili una akili zaidi. Kiangazi cha kwanza ni tofali na msingi, kwa fedha kidogo, mazao mengi yakibaki stoo. Bei ikipanda unauza, unanunua bati na kuzilaza ndani. Mbao uziagize mapema, zipate miezi ya kukauka. Kiangazi cha pili unaanza kuta ukiwa na paa tayari, na fundi anapanda bila kushuka.

Hapo ndipo mtu atasema: vifaa vinapanda bei kila siku, heri nikope leo nimalize. Nimesikia hoja hii kwa maofisa mikopo pia, na wao wana sababu yao ya kuipenda. Tuipime. Mfumuko wa bei nchini mwaka 2024 ulikuwa karibu asilimia 3. Mikopo ya benki kwa watu binafsi iko zaidi ya hapo mara kadhaa. Riba ya asilimia 15, 17 au 18 kwa mwaka ni ya kawaida. Ili kukopa kwa asilimia 17 kukimbia bei kuwe na maana, bei ya vifaa ingepaswa kupanda zaidi ya asilimia 17 kwa mwaka, mwaka hadi mwaka. Imewahi kuruka, ni kweli. Mwishoni mwa 2020 saruji iliadimika nchini na bei ikapanda kwa wiki chache, hata huku Mbeya ambako kiwanda kipo palepale Songwe. Lakini mruko wa wiki chache si sababu ya kujifunga miaka 10.

Chukua mkopo wa shilingi milioni 30 kwa riba ya asilimia 17 inayohesabiwa kwenye salio linalopungua. Ukilipa kwa miaka 10, rejesho ni kama 521,000 kila mwezi, na mpaka unamaliza utakuwa umetoa takriban milioni 62.6. Ofisa atakwambia rejesho ni kubwa, tusogeze hadi miaka 15. Linashuka hadi kama 462,000. Umepata nafuu ya shilingi 60,000 hivi kwa mwezi, na jumla uliyolipa imepanda hadi milioni 83. Nafuu hiyo imekugharimu zaidi ya milioni 20, na siku unasaini hakuna aliyekusomea namba hiyo kwa sauti.

Sasa linganisha na yule mwenye msingi, tofali na nusu ya bati, aliyepungukiwa milioni 6 za kupaua. Kwa riba ileile ya asilimia 17, akilipa kwa miezi 18, rejesho ni kama 380,000 na riba yote ni kama 840,000. Hela hiyo inauma, lakini kozi za ukuta zilizooshwa na mvua pamoja na ufundi wa kuzirudia zinaweza kuifikia kwa msimu mmoja. Huu ndio mkopo ninaouona una kazi. Ni mfupi, unajua unafunga nini, na mwisho wake kuna nyumba inayofungwa mlango. Ukishahamia, hata kama sakafu ni zege tupu na chumba kimoja tu kina plasta, kodi uliyokuwa unamlipa mwenye nyumba inageuka kuwa rejesho.

Mtumishi wa umma ana njia rahisi zaidi ya wote, na urahisi huo ni mtego. Mkopo unakatwa kwenye mshahara, dhamana ni ajira yenyewe, na utaratibu unataka theluthi moja ya mshahara ibaki. Wengi hukopa mpaka wanaigusa theluthi hiyo. Kisha wanajenga boma kwa mkupuo, hela inaishia kwenye lenta, na miaka inayofuata wanakatwa mshahara kwa ajili ya pagala ambalo mvua inalila. Hawawezi kukopa tena kulimaliza kwa sababu theluthi imeshafikiwa. Kama wewe ni mwalimu au muuguzi na una nafasi moja ya kukopa, itunze mpaka ufike kwenye paa.

Wengine tuna SACCOS, vikoba na mchezo. SACCOS nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, na kwa hatua ya paa kiasi hicho mara nyingi kinatosha. Neno la kuuliza kabla ya kusaini ni kama riba inapungua au haipungui. Mkopo wa milioni 10 kwa mwaka mmoja, riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi isiyopungua, unasikika kama asilimia 18 kwa mwaka. Siyo. Mwezi wa 12 unadaiwa chini ya milioni moja, lakini bado unalipa riba ya milioni 10 nzima. Ukiipiga hesabu kwenye salio halisi, riba yako ni karibu asilimia 32 kwa mwaka. Mikopo ya kausha damu inayotolewa kwa simu na mitaani, yenye riba ya wiki, sitaipigia hata hesabu. Hakuna ukuta unaostahili hela hiyo.

Karatasi nimeiweka katikati, ingawa kwa mpangilio wa kazi ndiyo ya kwanza. Tangu sheria ya fedha za mikopo ya nyumba ya 2008, na kuanzishwa kwa kampuni ya TMRC mwaka 2010 ili kuzipa benki fedha za muda mrefu, mlango wa mkopo wa nyumba upo. Wanaoupita huku kwetu ni wachache, na moja ya sababu kubwa ni kwamba kiwanja hakina hati. Mtu ana makubaliano ya mauziano yenye mhuri wa mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wanne, anayatunza kama cheti cha ndoa. Makubaliano hayo yanaonyesha ulimlipa fulani. Hayaonyeshi kwamba fulani alikuwa na haki ya kukuuzia, na benki haitaweka rehani juu yake. Hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ina nguvu ya kisheria, lakini ni benki chache zinazoipokea kwa moyo mweupe, kwa sababu kumpata mnunuzi wa nyumba ya kijijini siku mkopaji akishindwa ni kazi.

Ndiyo maana napendekeza fedha za mwanzo kabisa, kabla ya tofali la kwanza, ziende kwenye upimaji na hati. Ukinunua mahali palipokwisha kupimwa, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue jina lililoko kule na kama kuna rehani au zuio. Nenda pia ofisi ya mipango miji uione ramani ya eneo, maana kiwanja kinaweza kuwa na namba na kitalu halali na bado kikawa kimetengwa kwa shule. Kibali cha ujenzi cha halmashauri kitataka karatasi hizo hizo pamoja na ramani ya nyumba. Watu hukwepa kibali kuokoa ada, halafu wanaishi na wasiwasi wa kuwekewa alama ya X ya kubomolewa.

Na alama ya X huku ina historia yake. Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Upanuzi wa njia nne kati ya Uyole na Ifisi umewakumbusha wengi namba hiyo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na Jiji la Mbeya lina vijito kila bonde. Viwanja vya bei poa viko hukohuko: kando ya mto, mlimani, au kwenye tambarare ya udongo mweusi kule Usangu, unaovimba masika na kupasuka kiangazi na kuupasua msingi pamoja nao. Aprili 2024 tope liliporomoka kutoka Mlima Kawetere likafukia nyumba katika kata ya Itezi. Muuzaji wa kiwanja cha mlimani atakuonyesha mandhari. Wewe tazama miti imeinamia wapi, na uliza majirani maji hupita wapi mvua ikinyesha usiku kucha.

Nikiwa bado ardhini, neno moja juu ya mkanda wa zege. Tunaishi kwenye Bonde la Ufa, na Mbeya ndipo mikono yake inapokutana. Tetemeko la Desemba 1910 upande wa Rukwa, lenye ukubwa wa karibu 7.4, ni miongoni mwa makubwa kuwahi kupimwa Afrika. Nondo nne zinazozunguka nyumba nzima juu ya madirisha, bila kukatika, zina faida kuliko milango ya mninga. Fundi akikushauri kuweka lenta juu ya matundu tu ili kubana saruji, mwambie hapana.

Ukubwa wa nyumba ndio unaoamua kama utamaliza, lakini watu huuchagua kwenye simu. Ramani za intaneti zimetuletea nyumba za vyumba vinne vyenye vyoo vinne, na mapaa ya kuficha nyuma ya ukuta mfupi yanayoitwa kontemporari. Kwa Dodoma sina neno. Tukuyu ni kosa. Maji yote ya paa yanashuka kwenye mfereji mmoja uliofichwa, majani yanauziba, na dari ya jipsam inakuwa ramani nyingine. Paa la mabonde mengi nalo ni uzuri unaolipiwa kwa bati zinazokatwa na kutupwa, na kila bonde ni sehemu ya kuvuja. Paa la pande mbili lenye mteremko wa kutosha na vibaraza vinavyokinga ukuta halipati sifa mitandaoni, ila ndilo lililosimama kwenye nyumba za misheni za huku kwa vizazi. Kwa bati, kumbuka geji inakwenda kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Ukiuziwa geji 32 kwa bei ya 28 utajua siku ya upepo wa Oktoba.

Kama fedha ni ndogo, anza na nyumba ya uani: vyumba viwili, jiko, choo. Ukuta wake na paa lake unaweza kuvimaliza kiangazi kimoja bila mkopo wowote, ukahamia, kisha nyumba kubwa ikasubiri kwenye msingi, ambako kusubiri hakuna gharama. Mama mkwe atauliza mbona mmejibana. Atazoea, na baadaye nyumba hiyohiyo inapangishwa.

Linabaki suala la wale wanaojenga kwa simu. Yuko Dar es Salaam, anajenga Kihesa kule Iringa au Isyesye kule Mbeya, na msimamizi ni mjomba. Picha zinakuja kila Jumamosi na zote zimepigwa upande uliokamilika. Hapa pia hesabu inasaidia kuliko hasira. Tofali za bloku zinakwenda kama 10 kwa mita ya mraba ya ukuta. Nyumba yenye mita 60 za kuta kwa urefu, zikiwa na kimo cha mita 3, ukitoa milango na madirisha, inabaki na kama mita za mraba 150, yaani tofali 1,500 pamoja na chache za kuvunjika. Ukiombwa hela ya 2,400, uliza. Lipa duka la vifaa moja kwa moja kwa simu, mjomba apokee mzigo na kusaini. Mifuko mitupu ya saruji isichomwe, ihesabiwe. Fundi alipwe kila hatua baada ya kupimwa, na sehemu ya hela ibaki mkononi mwako mpaka mvua ya kwanza ipige paa.

Fundi na saidia fundi wana bei zao zinazojulikana. Mjomba hana, na hapo ndipo mambo huharibika. Anayesimamia bure miezi minne, akiacha shamba lake, mwishowe atajilipa mwenyewe kwa mifuko. Mpangie posho ya kila wiki tangu siku ya kuchimba msingi, na iandikwe kwenye daftari lilelile la saruji.

Na mwenzi wako ajue. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinazuia kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzi, na benki zimeshaumizwa mahakamani vya kutosha, kwa hiyo watamuita asaini. Nimewaona wanaume wanaojaza fomu kuwa hawajaoa ilhali mke yuko nje anasubiri na mtoto mgongoni. Mkopo ukiharibika, mke huyo ataweka pingamizi mahakamani, na mwenye fomu ya uongo atabaki na deni pamoja na kesi.